Kuipanda Fadhila Moja: Mwongozo wa Mkristo Anayeanzia kwenye "Niko Njiani"

Mtu ameahidi kufika saa tatu, na saa tatu kasorobo bado hajavaa viatu. Simu inaita, naye anajibu papo hapo, "Niko njiani, nimeshakaribia." Hakukaa chini kupanga udanganyifu, wala hapati faida yoyote kubwa, neno limetoka lenyewe, kama mguu unavyoijua ngazi ya nyumbani hata umeme ukikatika. Mwongozo huu unaanzia kwenye uongo huo mdogo kwa sababu unaonyesha, vizuri kuliko mifano mingi mikubwa, jinsi tabia inavyofanya kazi ndani ya mtu kabla hajapata muda wa kufikiri. Ikiwa ubaya unaweza kufika mahali pa kutoka wenyewe, je, wema nao unaweza? Kanisa limejibu tangu karne zake za kwanza kwamba unaweza, na wema uliofika hapo limeuita fadhila.

Nitaeleza kwanza neno hilo lina maana gani, kisha nitapita hatua kwa hatua namna ya kuipanda fadhila moja kwa muda wa miezi michache. Mfano nitakaoushika mwanzo hadi mwisho ni fadhila ya ukweli. Anayehitaji kiasi, upole au uvumilivu atafuata hatua zilezile na kubadilisha mifano.

Neno lenyewe

Katika mazungumzo ya kila siku fadhila ni hisani: mtu hutendewa fadhila, akisahau huambiwa kwamba shukrani ya punda ni mateke. Katika mafundisho ya Kikristo neno hilo limebeba mzigo mwingine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 1803, inaieleza fadhila kuwa ni mwelekeo wa kudumu na thabiti wa kutenda mema. Wasomaji wengi wa Biblia ya Kiswahili wamelipita jambo hili bila kulitambua, kwa kuwa neno la Kigiriki *aretē*, ambalo Mtume Paulo analitumia katika Wafilipi 4:8 na ambalo linarudi katika 2 Petro 1:5, limetafsiriwa katika toleo la Union kwa neno la kawaida kabisa, "wema". Tafsiri hiyo si kosa, lakini inaficha kitu: *aretē* ni ubora wa kitu kinachofanya vizuri kazi yake, kama tunavyosema kisu hiki ni kizuri kwa sababu kinakata.

Kwa hiyo mtu aliyesema kweli mara moja ametenda tendo la ukweli, ila bado hatujui kama ana fadhila hiyo. Vilevile mtu aliyezaliwa mpole, ambaye hajawahi kukasirika kwa sababu damu yake haichemki, ana bahati njema ya maumbile, na hilo ni jambo tofauti. Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, anaongeza tofauti moja ambayo naiona ya thamani sana kwa mtu anayeanza: kuna mwenye kujizuia na kuna mwenye fadhila. Mwenye kujizuia anatenda jema huku akivutwa shati na tamaa yake. Anashinda, lakini anatoka vitani amechoka. Mwenye fadhila, tamaa yake yenyewe imefundishwa kupenda jema. Usivunjike moyo ukijikuta upande wa wa kwanza, kwa kuwa kila aliyefika upande wa pili alipita hapo.

Mapokeo yanahesabu fadhila kuu saba. Nne zinatajwa pamoja katika kitabu cha Hekima 8:7, nazo ni kiasi, busara, haki na nguvu. Mtakatifu Ambrosi wa Milano aliziita kwa jina linalotokana na neno la Kilatini la bawaba, kwa sababu maisha adili yanazunguka juu yake kama mlango. Tatu ni za Kimungu: imani, matumaini na mapendo. Ukweli si mojawapo ya hizo saba, lakini Thoma anauweka chini ya haki, na sababu yake ni nzito kuliko inavyoonekana: binadamu hawawezi kuishi pamoja wasipoweza kuaminiana, hivyo anayenidanganya ananinyima kitu ninachomdai.

Swali la neema, kabla ya hatua yoyote

Mkristo wa mapokeo ya Kilutheri, au aliyelelewa katika uamsho, anaweza kusoma hadi hapa akauliza kama haya si majaribio ya kujiokoa kwa matendo. Swali lake ni halali, na mwongozo unaolikwepa utamwachia msomaji ama kiburi ama kukata tamaa. Paulo mwenyewe anayaweka mambo yote mawili katika sentensi mbili zinazofuatana: "utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka. Kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu" (Flp 2:12-13). Hakuna aliyeombwa kuchagua nusu moja. Mkulima hupalilia na kumwagilia, na hakuna mkulima mwenye akili anayedhani kwamba jembe lake ndilo lililoipa mbegu uhai. Lakini pia hakuna anayekaa barazani akisubiri mvua ipalilie.

Thoma alizitofautisha fadhila zinazopatikana kwa mazoezi na zile zinazomiminwa na Mungu pamoja na neema. Msomaji asiyetaka kuingia katika hoja hizo za wanateolojia anaweza kushika jambo moja tu: mazoezi yanayofuata hayamfanyi Mungu akupende, kwa kuwa alikupenda kabla hujayaanza. Kazi ya mazoezi hayo ni kuondoa mawe katika shamba ambalo tayari ni la Mungu. Wahenga wetu walisema kwamba tabia haina dawa, na wengi wetu tumeitumia methali hiyo kama ruhusa ya kubaki tulivyo. Kwa heshima zote, kwa Mkristo aliyebatizwa methali hiyo haiwezi kuwa neno la mwisho.

Hatua ya kwanza: chagua fadhila moja

Kwaresima moja, miaka mingi iliyopita, niliandika maazimio kumi siku ya Jumatano ya Majivu. Nilikuwa nimepanga kuamka mapema, kutosengenya, kupunguza chakula, kuwa mvumilivu na watoto, kusali rozari kila siku, na mengine ambayo hata siyakumbuki. Dominika ya pili ilipofika yote kumi yalikuwa yameanguka, tena yalianguka kwa pamoja, kwa sababu lilipokufa moja moyo uliniambia kwamba mfungo wote umeshaharibika. Kosa langu halikuwa ulegevu pekee. Nilikuwa nimejaribu kulima mashamba kumi kwa jembe moja.

Chagua moja tu. Kuna faraja katika mafundisho ya kale kwamba fadhila zimeungana: anayekua kweli katika mojawapo huzivuta nyingine, kama unavyovuta uzi mmoja wa wavu na wavu wote ukasogea. Anayejizoeza kusema kweli atajikuta akihitaji nguvu ya kuvumilia aibu, kiasi cha kuzuia ulimi, na busara ya kujua wakati.

Namna ya kuchagua ni ngumu kidogo, kwa kuwa udhaifu unaotuaibisha zaidi si lazima uwe ndio unaotuharibu zaidi. Njia ya kwanza ni kutazama wiki nzima iliyopita na kujiuliza ni jambo gani limejirudia. Wamonaki wa jangwa la Misri walifanya hivyo kwa makini. Evagrio wa Ponto, aliyefariki huko mwaka 399, aliorodhesha mawazo mabaya manane yanayomshambulia mtawa, na orodha hiyo, baada ya kupita mikononi mwa Papa Gregori Mkuu, ndiyo iliyozaa vichwa saba vya dhambi tulivyokariri katika mafundisho ya Kipaimara. Njia ya pili ni fupi na inauma: muulize mwenzi wako wa ndoa, au ndugu unayeishi naye, ni kitu gani ndani yako kinachomchosha. Kisha nyamaza, wala usijitetee.

Hatua ya pili: ijue mipaka yake

Mtu hawezi kulenga shabaha asiyoiona. Fadhila za kimaadili husimama katikati ya makosa mawili, na wengi tunalijua kosa la upande mmoja tu. Nguvu imesimama kati ya woga na ujasiri wa kijinga. Ukweli, mtu anapojizungumzia mwenyewe, umesimama kati ya majisifu na kujidunisha kwa uongo. Sisi watu wa huku tunalikemea la kwanza haraka na kuliita la pili adabu. Mama aliyepika kuku, wali na maharage ya nazi anamkaribisha mgeni kwa kusema, "Karibu, hatuna kitu." Sitamhukumu, ila ningependa anayejizoeza ukweli alitambue jambo hilo pale linapotoka kinywani mwake mwenyewe, hasa anaposema "mimi sijui kuimba" akisubiri kwaya nzima impinge.

Thoma anaugawa uongo katika aina tatu kwa kadiri ya nia: wa kudhuru, wa utani, na wa kusaidia, yaani ule unaosemwa ili kumwokoa mtu na taabu. Wa kwanza ndio mbaya kuliko yote, lakini anayeanza safari hii atagundua kwamba wake mwingi ni wa tatu. "Niko njiani" umo humo: umesemwa ili anayesubiri asikasirike.

Je, salamu zetu ni uongo? Mtu anaumwa kichwa tangu alfajiri, anaulizwa habari, anajibu "nzuri". Nimewahi kusikia muumini mmoja mwenye bidii akiacha kujibu hivyo kwa kuogopa dhambi, na akawa mzigo kwa kila aliyempita njiani. Jibu la salamu ni desturi ya kupokeana, na msikilizaji anajua hivyo, ndiyo maana Kiswahili kimeacha mlango wa pili wazi: "Nzuri, ila mtoto hakulala." Ukweli unaingia baada ya "ila". Hapo hakuna aliyedanganywa.

Hatua ya tatu: ishushe mpaka ardhini

Azimio la "nitakuwa mkweli" halitendeki, kwa kuwa halina mahali wala saa. Lishushe mpaka lifikie tendo ambalo mtu mwingine angeweza kuliona kwa macho. Kwa mfano wetu: "Nikiulizwa kwa simu niko wapi, nitataja mahali nilipo kweli, na muda nitakaohitaji kufika." Sentensi ya kusema iandaliwe kabla: "Bado niko nyumbani, nitatoka baada ya dakika kumi, naomba uniwie radhi."

Angalia kwamba azimio hilo linasema utatenda nini, wala halikomei kwenye kile utakachoacha. Shamba lililong'olewa magugu bila kupandwa kitu hujaa magugu mengine kwa msimu mmoja. Waraka kwa Waefeso umefuata utaratibu huohuo: "uvueni uongo, mkaseme kweli kila mtu na jirani yake" (Efe 4:25). Kuna kuvua, kisha mara moja kuna kusema.

Anayepanda upole angesema: "Mtoto akimwaga kitu, nitavuta pumzi na kumsaidia kufuta kabla sijatamka neno." Anayepanda kiasi angesema: "Nikishakaa mezani, simu itabaki chumbani." Mifano hii ni midogo kiasi cha kuchekesha, na ndivyo inavyotakiwa. Azimio linaloonekana la kishujaa asubuhi mara nyingi limeshasahauliwa adhuhuri.

Hatua ya nne: liombee kwa jina

Kila asubuhi, kabla ya kushika simu, litaje azimio hilo mbele ya Mungu kwa maneno yako mwenyewe, ukimwambia ni nani huenda akakupigia siku hiyo na kwa nini utashawishika. Sala ya jumla, "Bwana nisaidie niwe mtu mwema," ni nzuri, lakini sala inayomtaja fundi ambaye hujamaliza kumlipa na ambaye umekuwa ukimkwepa inagusa mahali penyewe.

Hatua ya tano: daftari

Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Shirika la Yesu, aliacha njia rahisi ya kufuatilia jambo moja, nayo ni ya zamani kiasi hiki: mazoezi yake ya kiroho yaliidhinishwa na Papa mwaka 1548. Mtu huchora mistari kwa kila siku ya juma, miwili kwa siku. Asubuhi anaazimia. Baada ya chakula cha mchana anajidai hesabu ya saa zilizopita, saa moja baada ya nyingine, na kuweka alama kwenye mstari wa kwanza kwa kila mara aliyoanguka. Baada ya chakula cha jioni anarudia, na kuweka alama kwenye mstari wa pili. Mara tu anapoanguka katikati ya mchana, anaweka mkono kifuani kwa majuto, jambo linaloweza kufanyika hata mbele ya watu bila yeyote kugundua. Mistari yenyewe huchorwa ikipungua urefu toka Dominika hadi Jumamosi, kwa matumaini kwamba alama zitapungua.

Nimeitumia njia hii na ninaipendekeza kwa marekebisho mawili. La kwanza, weka safu ya pili kwa ajili ya nafasi ulizotumia vizuri, kwa kuwa tunapanda kitu na si kung'oa tu. Pale uliposema "bado niko nyumbani" ukavumilia ukimya wa upande wa pili wa simu, weka alama yake. La pili, usiandike siri za watu wengine. Herufi moja inatosha kukukumbusha.

Wiki ya kwanza alama za kuanguka zitaongezeka badala ya kupungua, na wengi huacha hapo wakidhani wamekuwa wabaya zaidi. Hawajawa wabaya zaidi, wameanza kuona. Aliyewasha taa chumbani hajaleta vumbi. Hesabu ya kweli huanza wiki ya pili, na hata hapo linganisha juma na juma, kwa kuwa siku moja ina mambo mengi: usingizi mbovu, mshahara uliochelewa, msiba.

Daftari lisizidi dakika tano. Likizidi hapo, linageuka kuwa kioo cha kujitazama, na mtu anayejitazama sana huwasahau Mungu na jirani, ambao ndio sababu ya kazi yote.

Hatua ya sita: mwite busara awe dereva

Baada ya wiki chache utakutana na hali ambayo azimio lako halikuiona. Mgonjwa hospitalini anakuuliza kama daktari amesema kitu. Jamaa mlevi amesimama mlangoni na kukuuliza mke wake amejificha wapi. Mwenyekiti wa jumuiya anataka maoni yako kuhusu hotuba aliyoitoa msibani. Hapa fadhila ya ukweli inahitaji busara, ambayo walimu wa zamani waliiita dereva wa fadhila zote, na busara ina kazi tatu zinazofuatana: kutafuta shauri, kuhukumu, kisha kuamuru tendo lifanyike. Wengine wetu tunashindwa katika ya kwanza, tukitenda kwa pupa; wengine katika ya tatu, tukishauriana mpaka wakati unapita.

Kanuni mbili zitakusaidia. Kunyamaza hakulingani na kudanganya. Katekisimu, katika namba 2489, inafundisha kwamba hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua, hivyo jamaa yule mlevi hana haki ya kukudai jibu. Lakini usinyamaze mahali ambapo mtu ana haki ya kujua, ukaiita nafsi yako yenye busara. Mgonjwa yule huenda ana mambo ya kupanga na ndugu zake, na ana sakramenti za kupokea. Mwambie kwamba daktari yupo tayari kuzungumza naye, kisha kaa naye anapozungumza. Kuhusu hotuba ya mwenyekiti, tafuta kitu kimoja kilichokuwa kizuri kweli, ukitaje hicho, na kama ameomba ushauri, mpe mkiwa wawili. Paulo aliviweka pamoja katika Waefeso 4:15, kweli na upendo, na mtu aliyeacha kimojawapo amekiharibu kile alichobaki nacho.

Hatua ya saba: adhuhuri

Kati ya wiki ya tatu na ya sita kazi nzima itakuchosha. Haitakuwa majaribu makubwa. Itakuwa tu kwamba daftari limekosa ladha. Evagrio alilijua jambo hili na kuliita pepo la adhuhuri, akiungana na Zaburi ya 91 inayotaja "uele uharibuo adhuhuri". Mtawa wake hutoka chumbani mara kwa mara kuangalia jua limefika wapi, huchukia mahali alipo, na kuanza kuwaza monasteri nyingine iliyo bora. Mkristo wa leo atawaza fadhila nyingine ya kupanda, au semina nyingine ya kuhudhuria.

Dawa waliyoitoa wamonaki ni kubaki. Usibadili fadhila, usiongeze ya pili, usiandike daftari jipya zuri zaidi. Thoma naye ana tahadhari ambayo haisikiki mara nyingi mimbarini: tabia njema haikuzwi na wingi wa matendo peke yake, kwa sababu matendo yanayofanywa kwa ulegevu kuliko uwezo tulioufikia huanza kuishusha tabia ileile. Aliyekwisha kuwa na uwezo wa kumwambia bosi ukweli, akirudi kuridhika na ukweli wa "bado niko nyumbani", anashuka. Kwa hiyo uchovu ukija, fanya tendo moja tu kwa siku, lakini lifanye kwa moyo wote.

Huu pia ndio wakati wa kwenda kitubio, kama wewe ni Mkatoliki, au kwa mzee wa kanisa unayemwamini, kama ni wa mapokeo mengine, na kulitaja jambo lenyewe bila kulizungusha. Uovu mwingi unaoonekana hauna dawa ukiwa kichwani hupungua nusu unapotamkwa mbele ya mtu.

Hatua ya nane: uongeze uzito

Ukishaona wiki nne mfululizo kwamba jibu la kweli linatoka kwenye simu bila mapambano, azimio hilo limemaliza kazi yake. Sasa peleka fadhila ileile mahali inapogharimu kitu. Kwa mfanyakazi wa ofisi huenda ni marejesho ya safari, ambako risiti ya siku mbili huandikwa siku nne na kila mtu anajua. Kwa mfanyabiashara wa mazao ni lumbesa: gunia linalojazwa mpaka likafungwa na kilemba cha juu, huku mkulima akilipwa bei ya gunia moja. Lumbesa ni uongo uliosemwa kwa gunia, na ndiyo maana Thoma alikuwa na sababu ya kuuweka ukweli chini ya haki. Kwa mzazi ni ahadi kwa mtoto, ambaye bado hajui kwamba "kesho nitakununulia" katika nyumba nyingi ni namna ya kusema hapana.

Napenda kumtaja hapa kijana mmoja wa Goma. Floribert Bwana Chui, aliyezaliwa mwaka 1981, alikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Mtakatifu Egidio, ambayo ni jumuiya ya walei Wakatoliki, na alijitoa kwa ajili ya watoto wa mitaani wa mji huo. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali ya Kongo inayokagua ubora wa bidhaa. Aliletewa vyakula vilivyoharibika vilivyotaka kuvuka mpaka, ukiwemo mchele, akapewa fedha ili aviruhusu, akakataa. Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa mwenyeheri mjini Roma, kama shahidi, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta.

Alichoombwa, ukikitazama kwa karibu, ni kusema uongo. Muhuri wake ulikuwa neno, ukisema "chakula hiki kinafaa kuliwa", na watu wasiomjua wangeliamini neno hilo na kuwapikia watoto wao. Kati ya muhuri ule na "niko njiani" uzito umepishana mno, lakini fadhila inayohitajika ni ileile moja. Sijui mtu yeyote aliyeweza kuitoa kabatini siku ya fedha kuwekwa mezani ilhali hakuwahi kuitumia siku za kawaida.

Hatua ya tisa: zitambue dalili, na ulitambue gugu lake

Kanisa Katoliki linapochunguza maisha ya mtu asiye shahidi ili atangazwe mtakatifu, kama linavyofanya kwa Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere, ambaye mchakato wake ulianzia Jimbo la Musoma mwaka 2005, linauliza kama aliziishi fadhila kwa namna ya kishujaa, na kuzipitia moja moja: imani, matumaini, mapendo, busara, haki, nguvu, kiasi. Prospero Lambertini, aliyeandika kwa kina juu ya uchunguzi huo kabla ya kuwa Papa Benedikto XIV mwaka 1740, alitaka kuonekane matendo yaliyofanyika kwa wepesi, bila kusitasita na kwa furaha. Vipimo hivyo vitatu vinafaa hata kwa sisi wadogo. Je, neno la kweli linatoka haraka kuliko zamani? Je, linagharimu nguvu kidogo zaidi? Je, baada ya kulisema kuna utulivu, hata kama umepoteza kitu?

Gugu la fadhila hii ni ukali. Mtu aliyeacha uongo huanza kujiona ana leseni ya kumwambia kila mtu kasoro zake, na husema "mimi ni mkweli, sifichi," hali watu nyumbani wanaanza kuzima mazungumzo anapoingia. Kila fadhila ina gugu lake linalofanana nayo, kama vile upole una uoga na kiasi kina uchoyo. Ukiona ishara hiyo, lipe daftari safu mbili tu kwa juma zima: ni mara ngapi umesema ukweli kuhusu kosa lako mwenyewe, na ni mara ngapi umeusema kuhusu la mwingine. Safu ya pili ikizidi ya kwanza, ujue pa kuanzia kesho asubuhi.

Baada ya miezi mitatu au minne, acha daftari kwa wiki mbili, kisha muulize tena yule mwenzi au ndugu uliyemuuliza mwanzoni. Jibu lake ndilo litakaloamua kama unaendelea na fadhila hiyohiyo au unahamia nyingine. Akisema hajaona tofauti, rudi kwenye hatua ya tatu na utafute tendo dogo zaidi. Daftari lililojaa usilihifadhi kama kumbukumbu: lichome, kwa kuwa hata herufi moja moja zinatosha kwa mtu anayewajua jirani zako.